Kabati la mninga la duka la jirani: tazama nini kabla ya kutoa hela

SWALI: Fundi, shikamoo. Karibu na tunapoishi, Kijenge, Arusha, kuna mzee ana duka la samani za zamani: makabati, viti vya mikono, vioo vya ukutani, taa, vinyago. Nimelipenda kabati moja la vyombo, juu milango miwili ya vioo, katikati droo mbili, chini milango ya mbao. Mzee anasema ni mninga mtupu, limetoka kwenye nyumba ya shamba la kahawa, la kabla ya Uhuru, na anataka laki nne na nusu. Mume wangu anasema tukiongeza kidogo tunapata jipya linalong'aa, tena mbao za zamani zinaleta mchwa ndani. Mimi sijui kutofautisha mninga na mkaratusi. Nitajuaje kama siuziwi mbuzi kwenye gunia?

JIBU: Marahaba, dada. Mzee amekuambia mambo matatu: mninga, shamba la kahawa, kabla ya Uhuru. La kwanza unaweza kulithibitisha mwenyewe, ukiwa umesimama pale pale dukani. Hayo mengine mawili yasikutoe hata shilingi.

Sisemi kwamba mzee anakudanganya. Reli ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, na nyumba za walowezi zilitapakaa pande zote za Meru na Kilimanjaro, huku mjini zikiwapo za wafanyabiashara wa Kihindi. Vyombo vya nyumba hizo vimerithiwa, vimegawanywa, vimeuzwa na kuuzwa tena. Halafu kuna samani za miaka ya 1970 na 1980, wakati bidhaa za nje zilikuwa adimu na mafundi wetu walitengeneza kila kitu kwa mbao ngumu za nchini. Halafu kuna vitu vya wageni wanaokuja kufanya kazi kwenye mashirika na kuuza kila kilichomo ndani wanapoondoka; Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda peke yake ilikaa Arusha takriban miaka 20, hadi 2015. Katika duka kama la mzee wako vitu vya asili zote hizo vimechanganyika, na kikishapita mikono mitatu hakuna tena anayejua kipi kilitoka wapi. Kabati la mwaka 1978 lililoungwa vizuri litakutumikia sawasawa na la mwaka 1958. Unacholipia ni mbao na maungio yake, basi.

Sasa nenda asubuhi, duka likiwa halina watu, na ubebe tochi ya simu, futi, sumaku ndogo (hata ya spika mbovu inafaa) na karatasi moja nyeusi au ya rangi iliyokolea. Mwombe mzee akusaidie kulisogeza kabati kutoka ukutani. Muuzaji anayejua alichonacho hakatai. Akikataa, au akisema mgongo hauna cha kutazama, uahirishe ununuzi.

Uso wa kabati utakudanganya kwa urahisi, kwa sababu ndio unaopakwa na kung'arishwa. Mgongo, chini ya shelfu ya mwisho na ndani ya droo ndiko fundi hakutegemea mtu atatazama, na huko mbao zimebaki na rangi yake. Mgongo wa mbao nyembamba zilizopangwa wima, au wa plaiwudi iliyokauka na kuwa kahawia, ni dalili nzuri. Ukikuta ubao laini wa rangi moja usio na nyuzi, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi tunaouita MDF, ujue mgongo umebadilishwa, au kabati lote si la umri huo: MDF ilianza kutengenezwa viwandani Marekani miaka ya 1960, na kwetu imeenea baadaye sana. Mgongo uliobadilishwa si ubaya mkubwa. Ila hadithi ya kabla ya Uhuru itakuwa imepungua, na bei nayo ipungue.

Vuta droo moja itoke kabisa. Hapa ndipo mimi hukaa muda mrefu kuliko pengine popote. Itazame kona ya mbele, pale ubavu unapokutana na uso. Droo ya fundi mzuri imeungwa kwa meno yaliyokatwa, membamba kwenye shina na mapana kwenye ncha, yakaingiliana na meno ya upande wa pili, kiasi kwamba hata gundi ikifa droo haifunguki ukiivuta. Meno yaliyokatwa kwa mkono hayalingani sana. Moja nene, jingine jembamba kidogo, na utaona mikwaruzo ya kalamu ya chuma aliyotumia fundi kuchora. Meno yanayolingana kabisa yamekatwa kwa mashine, nayo ni mazuri tu. Droo iliyogongwa kwa misumari kwenye kona ni kazi ya haraka, na kabati lenye droo za misumari mara nyingi limegongwa misumari kila mahali.

Ukiwa bado umeishika, igeuze. Chini ya mbavu zake utaona mbao imelika kwa miaka mingi ya kuvutwa na kusukumwa. Ulaji huo huwa laini, unakwenda polepole kutoka nyuma kuja mbele, na ni vigumu kuughushi. Droo inayodaiwa kuwa na miaka 60 huku kingo zake za chini ni kali inahitaji maelezo.

Baada ya droo, shika kabati lenyewe kwa juu, kwenye kona mbili zinazotazamana, ulisukume taratibu upande kwa upande. Kabati lililoungwa kwa ulimi uliochomekwa kwenye tundu na kufungwa kwa kigingi linasimama. Likicheza kidogo, gundi imechoka, na kazi hiyo fundi anaimaliza kwa siku moja. Likilala upande kama linataka kukaa chini, maungio yamekatika ndani, na kulitengeneza ni kulivunja lote na kulijenga upya. Hilo liache.

Na chini kabisa, miguu. Watu wengi hawaitazami kabisa, na kwa nyumba zetu ndiyo inayoteseka zaidi. Sakafu ya saruji inapigwa deki kila siku, maji yanapanda kwenye nyuzi za mbao kutoka chini, na baada ya miaka mingi mguu unakuwa mweusi na laini kwa ndani huku nje rangi bado inang'aa. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba sehemu ya chini ya kila mguu. Ukucha ukizama, mguu umeoza. Kubadilisha miguu minne si mwisho wa dunia, lakini ni gharama ya kuiingiza kwenye hesabu.

Tuje kwenye mninga wenyewe. Mninga unatoka kwenye misitu ya miombo: Tabora, Katavi, Rukwa, Ruvuma na kwingineko huko. Huku kwetu milimani haupo. Miti iliyokuwa karibu na walowezi wa Meru na Kilimanjaro ilikuwa mvule wa tambarare, kama ile ya msitu wa Rau pale Moshi, podo, mwangati, loliondo, na ule mti wenye harufu ya kafuri ambao Wachagga wanauita mseri na Wasambaa mkulo. Makabati ya nyumba za zamani za mashambani yaliyopita mikononi mwangu mengi ni mvule au mseri kwa mbele na podo kwa ndani. Kwa hiyo likithibitika kuwa ni mninga mtupu, huenda si la zamani kama mzee anavyofikiri. Na likithibitika kuwa la zamani hivyo, huenda si mninga. Hali zote mbili ni nzuri kwako, mradi bei ifuate ukweli.

Fungua mlango wa chini, mulika ndani, tafuta ubao ambao haukupakwa kitu. Mninga una rangi ya kahawia yenye joto, na ndani yake mistari myekundu au ya zambarau iliyofifia. Mvule huanza na rangi ya dhahabu chafu na kuzidi kukolea kadiri miaka inavyokwenda. Vitundu vyake ni vikubwa kiasi cha kuonekana kwa macho, na nyuzi zake zinapishana, hivyo ukipitisha kiganja utahisi mstari mmoja laini na wa pili una ukakasi. Mkongo ni mzito zaidi, mwekundu wa udongo, na mara nyingi vitundu vyake vimejaa kitu cheupe au cha njano. Msaji unatambulika kwa mkono: una mafuta fulani, na ukiukwaruza unanukia ngozi. Mseri, hata ukiwa na miaka mingi, ukiukwaruza mahali pasipoonekana harufu ya kafuri inatoka. Podo ni ya njano iliyopauka, laini, nyuzi zake karibu hazionekani. Ukiikuta kwenye mgongo na kwenye shelfu za ndani usilalamike, mafundi wa zamani walihifadhi mbao ya thamani kwa ajili ya uso.

Unachotakiwa kukiogopa ni mbao laini iliyopakwa rangi ya mninga kisha vanishi. Mbao nyingi laini za Arusha na Moshi zinatoka mashamba ya miti ya Serikali ya Meru, Kilimanjaro Magharibi na Rongai: saiprasi na paina. Ongeza na grivelia, ule mti wa kivuli wa kwenye migomba na kahawa. Hizo zote ni mbao halali kwa kazi yake, na hakuna aibu kuwa na kabati la saiprasi ukilinunua kwa bei ya saiprasi. Utazitambua kwa macho ya mbao, yale mafundo ya duara yanayojirudia ubao mzima, na kwa wepesi wake. Tafuta mahali palipokatika, kona iliyogongwa au tundu la kitasa: rangi ya mninga ikiwa imeishia juu na ndani ni nyeupe, umeshapata jibu. Kisha tazama mwisho wa ubao, pale ulipokatwa kwa msumeno. Rangi ya kupakwa hunywewa sana mwishoni, hivyo huko panakuwa peusi kupita kiasi, tofauti na ubavu wake.

Umesema hutofautishi mninga na mkaratusi. Uzito hautakusaidia hapo, maana mkaratusi nao ni mzito na mwingine ni mwekundu. Tazama tabia. Mninga ni katika mbao zinazotulia kuliko nyingi tulizonazo. Ubao wa mninga uliokaushwa vizuri haupindi. Mkaratusi unajinyonga na kupasuka kuanzia ncha. Weka futi yako ya chuma, au kitu chochote kilichonyooka, juu ya mlango wa chini kutoka kona hadi kona. Mlango wa zamani ambao bado umenyooka, kwenye kabati lililokaa mji wenye masika na kiangazi kama huu wetu, umetengenezwa kwa mbao nzuri hata kama jina lake tutalibishania.

Skurubu nazo zina la kusema, ila usizipe uzito mkubwa. Zenye mfuo mmoja ni za zamani zaidi. Zenye msalaba zilianza kutumika viwandani Marekani katikati ya miaka ya 1930 na zilichukua muda kutufikia. Bawaba hubadilishwa, kwa hiyo skurubu ya msalaba peke yake haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni matundu matupu ya zamani pembeni yake, yaliyozibwa kwa njiti au gundi: hapo palikuwa na bawaba nyingine kabla. Sumaku yako ipitishe kwenye vishikio na vitasa. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Isiponasa, kuna uwezekano mkubwa ni shaba, na shaba iliyokuwa nyeusi utaing'arisha kwa limau na chumvi.

Sasa wadudu. Mumeo ana hoja, ila amemtaja mdudu asiyehusika. Mchwa wetu wa huku anatoka ardhini na anapita kwenye vijia vya udongo. Anaingia nyumbani kwa sababu ya ufa wa msingi, na kabati kavu lililonunuliwa dukani haliwezi kumleta. Wanaosafiri na samani ni wengine wawili.

Wa kwanza ni bungua, kile kidudu kinachotoboa vitundu vidogo vya duara na kumwaga unga laini. Kitundu peke yake si ugonjwa. Kinaweza kuwa cha miaka 30 iliyopita. Kitundu cha zamani ndani ni cheusi na kingo zake zimeshika vumbi. Kilicho hai ni cheupe ndani, na unga chini yake ni mpya. Tandaza ile karatasi nyeusi chini ya sehemu yenye vitundu, mwombe mzee asiiguse, urudi baada ya siku tatu au nne. Hii ndiyo faida kubwa ya duka la jirani, na haipatikani mnadani: unaweza kurudi. Jua pia kwamba kwenye mbao ngumu kama mninga mdudu huyu anakula ile sehemu ya nje ya mti, ya rangi nyeupe, na kiini chekundu hakiwezi. Ukikuta vitundu vyote vimekaa kwenye mstari mweupe pembeni mwa ubao, kabati halijaharibika. Sehemu hiyo inapigwa dawa ya mbao kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu, au inakatwa. Usikubali kupakiwa oili chafu au dizeli kama watu wanavyofanya kwenye mapaa. Itanuka ndani kwako miaka, na vyombo vya kulia vitanuka nayo.

Wa pili ni mchwa wa mbao kavu, ambaye makao yake ni pwani. Huyu haachi unga. Anaacha punje ndogo ngumu, zote za ukubwa mmoja, zinazomwagika ukiligonga kabati. Kwa hiyo muulize mzee kama kitu kimetoka Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar, na kama ni hivyo gonga kila ubao kwa kifundo cha kidole usikilize. Ubao ulioliwa ndani unatoa sauti ya debe tupu. Zikimwagika punje, usinunue, hata kwa bure.

Nimeona wengi wakifika hapa wakaanza kubishana bei bila kuwa na kipimo chochote. Kipimo kipo. Lipime kabati kwa futi yako. Tuseme ni futi 6 kwenda juu, futi 4 upana, kina inchi 16. Kabati la ukubwa huo, mbao tupu mbavu, shelfu, milango na droo, linakula kama mbao 10 za moja kwa nane (inchi 1 unene, inchi 8 upana) za futi 12, ukihesabu na kinacholiwa na randa. Nenda kwa muuza mbao yeyote mjini, ulizia mninga mkavu wa kipimo hicho leo unauzwaje, zidisha kwa 10. Kisha muulize fundi seremala, si lazima niwe mimi, ufundi wa kabati kama hilo ni kiasi gani. Jumla yake ni gharama ya kulitengeneza jipya kwa mbao ile ile. Toa gharama ya marekebisho uliyoyaona: miguu, vioo, vitasa, gundi, polishi. Kinachobaki ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho mtu mwenye akili timamu angetoa, na wewe uanzie chini yake. Ukishakuwa na hesabu hiyo kwenye karatasi, laki nne na nusu itajieleza yenyewe. Ikiwa ni mninga mtupu na maungio ni mazima, mimi sitashangaa ukikuta mzee hajazidisha.

Na hilo jipya linalong'aa? Mumeo alilitaja kwa nia njema, na yapo mazingira ambapo ningewashauri mlichukue: mkiwa mnahama hama, mkiwa ghorofani penye ngazi nyembamba, au mkitaka kitu cha kukaa miaka mitatu tu. Lakini mengi ya aina hiyo ni ubao wa chenga uliovikwa karatasi ya plastiki. Skurubu inashika mara ya kwanza, ukihama nyumba ya pili tundu limeshalegea, na maji ya deki yakigusa chini ubao unavimba na haurudi. Hakuna fundi anayeweza kulirekebisha. Kabati la mninga analirekebisha fundi yeyote mwenye patasi na gundi, leo, na miaka 40 ijayo.

Kuna jambo jingine linalonigusa zaidi ya hela. Mche wa mninga unakaa miaka kadhaa ukichipua na kunyauka kila kiangazi kabla haujaweza kusimama, na mti mzima wa kupasuliwa mbao una zaidi ya miaka 70. Ubao ulio kwenye kabati hilo ulishakatwa. Ukilitumia, hakuna mti mwingine unaoanguka Tabora kwa ajili ya sahani zako. Mimi kila ninapoona mlango wa mninga umetupwa ukinyeshewa nyuma ya gereji, roho inaniuma kwelikweli.

Kwa sababu hiyo nakuomba jambo moja ukilinunua: usimpe mtu alipige msasa wa mashine. Ile rangi iliyokolea imechukua miaka mingi kuja na mashine inaiondoa kwa dakika. Lifute kwanza kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, likauke. Kisha weka tone la spiriti mahali pasipoonekana. Polishi ikianza kunata ndani ya dakika moja, ni ile ya zamani ya kuyeyushwa kwa spiriti, na fundi anaweza kuihuisha bila kuikwangua. Ila usiweke kikombe cha chai ya moto juu yake, kitaacha duara jeupe. Kama kabati limepakwa rangi ya mafuta ya zamani, usilikwangue kavu ndani ya nyumba yenye watoto, maana rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi na vumbi lake ni sumu.

Vitu vingine ulivyotaja nitavipitia kwa haraka. Viti vya mikono: nunua fremu, usinunue sponji. Kunguni wanajificha kwenye mishono na kwenye matundu ya skurubu, na wanaweza kukaa miezi bila kula. Hapo nakubaliana na mumeo moja kwa moja. Kama fremu ni nzuri, vua kila kitambaa na sponji huko huko dukani, fremu isuguliwe kwa maji yanayochemka kwenye maungio, ikauke juani, ndipo iingie kwako. Vioo: madoa meusi ya pembeni ni dawa ya nyuma iliyoliwa na unyevu, hayatoki kwa kusugua, na mtu akikuambia yanatoka usimwamini. Kama fremu inakupendeza, fundi vioo atakukatia kingine. Taa: waya wa zamani uliovikwa mpira hukatika ukiukunja, kwa hiyo badilisha waya, soketi na plagi zote kabla hujaichomeka, hata kama inawaka dukani. Vinyago: mpingo wa kweli unazama majini, na nje ya kiini cheusi una ganda la rangi ya maziwa, kinyago chepesi kilicho cheusi tii kila mahali kimepakwa rangi ya viatu.

Viko vitu ambavyo usiviguse kabisa. Pembe, meno, ngozi za wanyamapori, hata kama mzee anasema viliachwa na mzungu mwaka 1950: kumiliki nyara bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na umri wa kitu hautakutetea. Milango ya kuchongwa ya kabla ya mwaka 1940 nayo inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Na ukikuta samani yenye namba iliyopakwa kwa rangi nyuma yake, pengine na herufi za ofisi, ilikuwa mali ya taasisi. Inaweza kuwa iliuzwa kihalali kwa mnada, basi omba kuona karatasi. Kwa kabati lako vilevile, taka risiti, na iandikwe ni kabati gani, limenunuliwa lini na kwa nani.

Kuhusu kupatana, usilitukane kabati la mzee. Wanunuzi wengi huanza kwa kukosoa, na muuzaji anayependa vitu vyake hujifunga. Mwonyeshe ulichokiona: "Mzee, huu mguu umeoza, na kioo hiki kina ufa, fundi ataniomba kiasi hiki." Hoja ya gharama haimkosei mtu heshima. Ukipungukiwa, muulize kama anaweza kukuwekea kwa kianzio ukamalizia mwisho wa mwezi; wa mtaani wengi hukubali, maana wanajua unapoishi. Na kama ni Januari na droo inakwama, tafuta sababu, kwa kuwa mbao zimekauka na zilitakiwa zitembee kwa uhuru. Ikikwama Aprili katikati ya masika, ni unyevu tu. Usikubali mtu aipige randa wakati huo, itakuja kupwaya kiangazi.

Kabla ya kumlipa, pima mlango wa nyumba yako na kona ya korido. Siku ya kulibeba, toeni vioo, shelfu na droo, vibebwe peke yake. Milango ifungwe kwa kamba juu ya blanketi. Kirikuu inatosha. Walibebe kwa kulishika chini kwenye fremu, wasilivute kwa miguu wala kulinyanyua kwa taji la juu. Ukifika nalo, liache nafasi ya vidole vinne kutoka ukutani ili hewa ipite, usiliweke penye jua la dirisha la magharibi, na chini ya kila mguu weka kipande cha mpira wa tairi kilichokatwa sawa na mguu, ili maji ya deki yasiufikie.

Mpeleke na mumeo siku ya pili ya kutazama, umpe tochi, aanze na droo.